Mlo wa Desemba, Kilio cha Januari

Usicheke, msomaji. Mimi na washikaji watatu tulipojitosa kulima mtama Chamwino, tulibeba gunia la unga, kilo 100. Desemba mvua ikashuka, tukala kifalme, na wageni juu! Watu wanne, nusu kilo kila mmoja kwa siku: siku 50 tu. Hesabu hiyo nani aliipiga? Januari haijaisha, gunia likabaki kitambaa, na mavuno ya Ugogo ni Mei, Juni huko. Palizi ndiyo kwanza inaanza. Mwenzetu mmoja akatorokea mjini usiku, kimya. Bibi wa jirani akatuletea mlenda mkavu wa kuponda, akauliza, "Wajukuu, nani kati yenu anapima unga?" Tukatazamana. Siku hizi kopo nashika mimi. Washikaji wananiita mchoyo.