Chungu cha makumbusho na chungu cha bibi

Tembea uone, walisema wahenga. Nami naongeza: ukitembea, mchukue mwanao. Asubuhi moja ya likizo ya Agosti, mimi na binti yangu wa miaka 14 tuliteremka katika kituo cha mabasi cha Kitale kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja na shanta lake mgongoni, meno yakigongana kwa baridi. Sisi ni watu wa Mombasa, msomaji mpenzi, na mtu aliyelelewa katika joto la Kisauni hawezi kusimuliwa baridi ya mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari akaielewa. Sharti imchape mwenyewe.

Mwisho wa safari yetu ulikuwa Bungoma, kwa wakwe zangu. Mke wangu ni Mbukusu, lakini kazi ilimzuia kuandamana nasi. Alitupa leso za kumpelekea mama yake, kisha akaninong'oneza: "Mama amezeeka. Nataka huyu mtoto akae naye, si kumsalimu tu na kuondoka." Binti alikuwa amemwona bibi yake mara mbili tu maishani, na Kibukusu chake chote kilikuwa neno moja: mulembe, yaani amani, ambalo ndilo salamu.

Tulikunywa chai ya maziwa iliyotoa mvuke kama garimoshi, tukala na viazi vitamu, kisha tukaelekea sokoni kungojea makumbusho yafunguliwe. Huko akina mama walikuwa wamepanga mafungu ya mboga: saga, kunde, mrenda na majani membamba ya mitoo. Binti akasimama mbele ya fungu moja.

"Baba, huu si mnavu?"

Muuzaji akacheka. "Sisi tunaita managu, mwanangu." Naam, mboga ile ile tuliyoizoea Pwani ilikuwa imetutangulia Kitale kwa jina jingine. Asikudanganye mtu kwamba nchi hii ni kubwa mno.

Hazina ya kanali

Makumbusho ya Kitale yako kando ya barabara iendayo Eldoret, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya mji. Asili yake ni mlowezi mmoja Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye maisha yake yote alikuwa na uraibu wa kukusanya: vipepeo, ndege, mimea, vitabu na vyombo vya wenyeji. Mwaka wa 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka wa 1966 aliiachia nchi hazina hiyo, na mwaka wa 1974 makumbusho ya sasa yakafunguliwa, yakawa ya kwanza ya kimkoa katika bara ya Kenya. Sisi tuliozoea Fort Jesus hudhani makumbusho ni lazima yawe ngome ya Wareno. Hapa ni bustani tulivu yenye miti, na nyuma yake msitu wa asili wenye njia ya kutembelea hadi mtoni, huku tumbili wakikuchungulia kutoka juu.

Vipepeo wa kanali bado wamo, wamebanwa kwa pini safu baada ya safu. Lakini binti hakukaa sana hapo. Alivutwa na vyombo vya nyumbani: vibuyu vya maziwa, vigoda, ngao na vyungu. Akatoa daftari, akaanza kuchora chungu kimoja cheusi. Baadaye tulitoka nje kuziona nyumba za kienyeji za Waluhya na majirani zao, zimejengwa kwa udongo na kuezekwa nyasi, kila moja kwa mtindo wa jamii yake. Akainama mlangoni, akaingia katika nyumba ya Kiluhya, akatoka upesi.

"Iko safi sana," akasema. "Haina mtu."

Kauli hiyo ilinikaa moyoni. Mtoto alikuwa amelipa kiingilio kuitazama nyumba ya bibi zake kama mtalii.

Adhuhuri tuliingia katika hoteli ndogo mjini. Mimi niliagiza ugali wa wimbi, mwekundu na mzito, pamoja na kuku wa kienyeji. Pia nililetewa mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu. Ladha yake ni ya moshi na uchachu, na mgeni huhitaji mafunda matatu kabla ya kuamua. Binti aliagiza chipsi. Nilimezea. Kijungu meko, nilijiambia. Chakula chake kilikuwa kikimngojea mbele.

Ngome isiyo na tiketi

Matatu ilitupitisha Kiminini na Kamukuywa, katikati ya mashamba ya mahindi ambayo macho hayafiki mwisho wake. Trans Nzoia ni ghala la taifa, na mtu akipita hapo Agosti huamini. Ulikuwa mwaka witiri, kwa hiyo hatukuwakuta vijana wa Kibukusu njiani wakiimba Sioyaye, kwani tohara yao hufanyika Agosti ya mwaka shufwa.

Tulipokaribia Webuye nilimwonyesha binti milima ya Chetambe. Huko juu, mwaka wa 1895, Wabukusu walijifungia ndani ya boma la udongo lenye handaki na kupigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Charles Hobley. Walikuwa na mikuki. Wenzao walikuja na bunduki. Walishindwa, na wengi walikufa. Binti alikuwa amefundishwa shuleni kila jiwe la Fort Jesus, lakini habari ya ngome ya babu za mama yake aliisikia mara ya kwanza ndani ya matatu, kutoka kwa baba ambaye si Mbukusu. Nikaona haya kidogo.

Tulifika Bungoma alasiri, tukachukua bodaboda mbili hadi nyumbani kwa wakwe.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa desturi ya Wabukusu, mume wa binti hukaa mbali na mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, wala mume hathubutu kukanyaga jikoni kwake. Si uadui, ni heshima. Kwa hiyo mimi nilikaribishwa sebuleni na shemeji yangu, naye bibi akanisalimu kwa mbali, uso ameuelekeza pembeni. Binti akanitazama. Alijua kwamba mkalimani wake hataweza kumfuata.

"Nenda," nikamwambia. "Jikoni kwa kukhu."

Saa nzima sikusikia kitu ila kuni zikipasuka. Baadaye nikasikia kicheko cha bibi, halafu cha binti, halafu vyote viwili.

Chakula kilipoletwa, kuku alikuwa na firigisi yake, sahani ya mkwe. Pembeni palikuwa na mrenda uliochanganywa na kunde. Binti alikuja nyuma yake, macho mekundu kwa moshi, daftari mkononi. Chini ya kile chungu alichokichora Kitale alikuwa ameandika: choma maganda makavu ya maharagwe, weka majivu katika chungu chenye matundu, mimina maji juu, kinga yanayodondoka. Huo ndio munyu, chumvi ya kienyeji inayolainisha mboga.

"Alinionyesha kwa mikono," akasema. "Chungu chake ni kama kile, lakini hiki kinanuka moshi. Tena kukhu anasema wajukuu wengine hawataki kujifunza, wananunua magadi dukani."

"Amekwambia kwa lugha gani?"

Akafikiri. "Sijui, baba. Nilielewa tu."

Akaketi, akamega ugali wa wimbi, akachota mrenda unaovutika kama uzi. Alikula kimya hadi sahani ikatakata.

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi nenda Kitale. Waone vipepeo wa kanali na utembee msituni. Kile chungu hakitakwenda popote. Kina walinzi, kina paa na kina kufuli. Lakini mwenye kukijua kukitumia ana umri mkubwa na hana mlinzi. Kwake usichelewe.

Usiku ule binti alimpigia mama yake simu, akamuuliza kwa nini hajawahi kupika kwa munyu Mombasa. Kimya kikapita. Kisha nikasikia sauti ya mke wangu, ndogo kama ya mtoto: "Niletee kidogo."

Tulirudi Pwani na chupa moja ya maji ya kahawia, imefungwa kwa leso katikati ya shanta. Binti hakukubali mimi niibebe.