Awamu ya Tatu

Pointi zangu za PCB zilitosha kuomba udaktari, ila kutosha kuomba siyo kuchaguliwa. Awamu ya kwanza nikakosa. Ya pili, vilevile. Nikiwa nyumbani Didia nikamwambia mama bora nisubiri mwakani.

"Hela ya kuomba upya utaitoa wapi, mwanangu? Mpunga tumeshauza wote."

Awamu ya tatu nikajaza ualimu, Kemia na Baiolojia, halafu nikaenda kulia chooni.

Juzi, kwenye mazoezi ya kufundisha, binti wa kidato cha pili aliuliza: "Madam, damu inajuaje pa kupita?" Nikachora valvu za moyo hadi kengele ikalia. Dirisha la udahili likifunguliwa bado nachungulia, sidanganyi. Mwaka huu nilichungulia mara moja tu.