Karani na Mtambo wa Mashua

Watu wengi waliopata elimu ya shule hudhani ya kuwa kalamu na spana hazikai katika mkono mmoja. Mafundi nao hudhani vivyo hivyo, ila wao huyatazama mambo kutoka upande wa pili. Habari ya karani mmoja wa ofisi ya serikali katika kisiwa cha Lamu, aliyeutoa mtambo mkongwe katika mashua ya marehemu baba yake akatia mwingine kwa mikono yake mwenyewe, yafaa kusomwa na watu wa pande zote mbili.

Karani huyo ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Siku za kazi huvaa shati jeupe na kuketi mezani, akiwaandikia watu barua na kuhifadhi majalada. Baba yake alikuwa mvuvi, na alipofariki hakuacha fedha. Aliacha mashua ya tanga yenye urefu wa futi 28, iliyoundwa Matondoni kabla karani hajazaliwa, na ndani yake mtambo wa petroli uliokwisha kuchoka. Mashua ilishikwa na mjomba wake karani, ambaye ndiye nahodha, na riziki ya nyumba tatu ilitoka humo: nyumba ya nahodha, ya mama yake karani, na ya dada yake aliye mjane.

Miaka michache iliyopita, katika siku za kusi, mashua ilikuwa ikirudi kutoka bahari kuu. Ilipofika mlangoni, baina ya Shela na Ras Kitau, mtambo ukakohoa mara mbili ukanyamaza. Wote waijuao pwani hiyo wajua jinsi mawimbi ya kusi yanavyoingia hapo pasipo kizuizi. Chombo kikageuka ubavu, maji yakaruka ndani. Baharia mmoja akakimbilia mtambo ili auwashe tena, lakini nahodha akampigia kelele auache, akaamuru foromali ipandishwe. Tanga likashika upepo, wakaingia salama. Ndani ya mashua alikuwamo pia mtoto wa dada yake karani, mvulana wa miaka kumi na miwili.

Walipofunua mbao za chini waliona sababu ya nahodha kukataza. Bomba la petroli lilikuwa limepasuka, na banduru ilinuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hushuka na kulala chini ya chombo kama maji. Laiti baharia angaliuzungusha mtambo ule, cheche moja ingalitosha kuwamaliza wote.

Usiku ule watu wa nyumba tatu wakakutana. Nahodha alitaka mashua iuzwe. "Mpwa wangu," akasema, "chombo cha kuzama hakina usukani. Tukiuze kingali na bei." Fundi mmoja aliulizwa ujira wa kutia mtambo mpya, akataja fedha zilizopita bei ya mtambo wenyewe. Mama yake karani hakusema kitu, lakini ilijulikana ya kuwa mashua ikiuzwa, fedha zake zitaliwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili watu wote watautazama mshahara wa karani peke yake.

"Mjomba," karani akasema, "kazi hiyo nitaifanya mimi."

Nahodha akaitazama mikono yake laini. Hakucheka. "Mikono hii?" akauliza.

"Mikono hii, na yako, mjomba, ukiniazima."

Jambo la kwanza alilofanya karani lilikuwa la kalamu. Alikwenda na uzi akapima urefu wa mashua pale inapoguswa na maji, akapata futi 25. Iko kanuni ya zamani ya waundaji wa vyombo: chukua urefu huo kwa futi, utafute kipeuo chake, kisha uzidishe kwa 1.34, jawabu ni mwendo wa mwisho wa chombo kwa maili za bahari kila saa. Kipeuo cha 25 ni 5, na jawabu likawa 6.7. Chombo kizito kikisukumwa kupita hapo huanza kuupanda mlima wa wimbi lake chenyewe, na mafuta huteketea bure. Kwa hiyo mtu anunuaye mtambo mkubwa mno hununua kelele. Mafundi wengi hukisia nguvu za farasi 4 au 5 kwa kila tani, na mashua yenyewe ilikisiwa kuwa tani 4 na nusu. Karani akatafuta mtambo wa nguvu za farasi 20.

Tena alitaka wa dizeli. Mjerumani Rudolf Diesel aliuonyesha mtambo wake ukifanya kazi mwaka 1897, lakini siku zile ulikuwa mzito kupita kiasi. Ilikuwa mwaka 1933 ambapo kiwanda cha Yanmar cha Japani kilitoa mtambo wa namna hiyo ulio mdogo. Hauna plagi wala cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikapata joto la zaidi ya digrii 500, na mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Mafuta ya dizeli yakimwagika katika banduru huchafua na kunuka, lakini hayatoi upesi mvuke wa kulipuka kama petroli. Akapata mtambo wa silinda mbili uliokwisha kutumika, akaununua.

Jambo la pili lilikuwa la nahodha. Mashua haiwezi kutiwa shafti ingali majini. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, na tena baada ya mwezi mwandamo, na baina yake ni maji mafu, ambayo hayafiki juu ya pwani. Mashua ikipandishwa na bamvua moja hukaa kavu mpaka bamvua ya pili, yaani siku kumi na nne au kumi na tano. Karani alileta jedwali la maji lililopigwa chapa, nahodha akautazama mwezi, wakaafikiana siku. Lakini ikiwa kazi haijaisha, maji yatakuja na kwenda zake, na mashua itangoja nusu ya mwezi mwingine, nao msimu wa kaskazi ulikuwa karibu. Karani akaomba likizo ya siku 21.

Siku tatu za kwanza zilikwisha katika kutoa mtambo wa zamani. Boliti zilikuwa zimeungana na kutu, na kila moja ilitaka mafuta, moto, na nyundo. Wakasimamisha boriti tatu juu ya mashua, wakatundika winchi ya mnyororo, na chuma kile kikatoka kama jino bovu. Chini yake wakaona magogo mawili yaliyoubeba mtambo yameoza. Nahodha akaenda kutafuta mbambakofi, akachukua tezo, akachonga mengine. Katika kazi ile karani alikuwa mtu wa kushika taa, na hakuona haya.

Siku ya 9 wakaushusha mtambo mpya. Ulishuka vizuri, halafu ukakwama kabla miguu yake haijagusa magogo. Karani akaingiza mkono chini, akapapasa, moyo ukamwenda mbio. Alikuwa amepima kutoka miguu ya mtambo mpaka kitovu cha shafti, wala hakupima bakuli la mafuta lililo chini yake. Bakuli lile lilikuwa limekaa juu ya taruma.

Akatoka akaketi mchangani. Baadaye akasema, "Mjomba, nimekosa kipimo. Au tuikate ile taruma kidogo?"

"Taruma haikatwi," nahodha akajibu. "Ukikata ubavu wa mtu ili apate kushiba, umemfaa nini?" Akainama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea: "Siku ilipoundwa mashua hii, fundi aliiweka omo, akaing'oa, akaiweka tena. Mimi ndiye niliyemshikia msumeno. Hebu leta uzi wako."

Wakapitisha uzi katika tundu la shafti, wakauvuta mpaka mbele. Shafti ya mashua hailali sawasawa. Hupanda kadiri inavyokwenda mbele. Kwa hiyo mtambo ukisogezwa mbele futi moja, utainuka pia, na bakuli lake litakaa baina ya mataruma mawili. Dawa ilikuwa hiyo, lakini ilitaka shafti ndefu zaidi, nayo ilipatikana Mombasa. Fedha zilikuwa zimekwisha. Mkewe karani alikuwa ameweka akiba ya kununua cherehani. Asubuhi yake alizitoa fedha zile, akaziweka juu ya meza pamoja na chai, akaenda zake jikoni. Shafti ikaja kwa basi hata Mokowe, na kutoka hapo kwa mashua.

Rafadha nayo iliwapa kazi. Mtambo wa zamani ulizungusha rafadha upande wa kulia. Huu mpya, kwa sababu ya giaboksi yake, uliizungusha upande wa kushoto. Rafadha ya zamani ingaliwarudisha nyuma kila walipotaka kwenda mbele. Karani alikuwa ameligundua jambo hilo kitabuni mapema, akabadilisha na mvuvi mwenzao. Bomba la moshi lilipotaka kuungwa kwa moto, alimwita fundi wa kuunga vyuma akamlipa, kwa maana kuna kazi ambazo mtu akizijaribu mara ya kwanza katika chombo cha mbao huweza kukichoma. Bomba lenyewe walilipandisha juu kama shingo ya korongo ndipo likashuka nje, ili wimbi lisirudi ndani ya silinda.

Siku ya 14, alasiri saa kumi, maji ya bamvua yakafika. Mashua ikatikisika, ikaelea. Karani akashuka mara moja kuangalia mahali shafti inapoungana na mtambo. Sahani mbili za chuma hukutana hapo, na nafasi baina yake haifai kupita sehemu 1 katika elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wake. Zake zilikuwa na upana wa inchi 4, na mchangani alikuwa amezipanga hata kibati chembamba cha kupimia hakikupita. Sasa kibati kinene kilipita upande wa juu.

Alidhani kazi yote imeharibika. Kumbe sivyo. Chombo cha mbao kilichokaa juu ya mchanga hupinda kidogo, na kikielea hurudia umbo lake. Kitabu kilisema hivyo, naye alikuwa amesoma mstari ule akaupita. Nahodha, asiyesoma kitabu hicho, alisema maneno yale yale: "Iache ilale majini. Kesho itakuwa imetulia." Asubuhi wakalegeza boliti za miguu, wakatia vipande vyembamba vya bati, wakapima tena na tena mpaka adhuhuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na karani aliinama hata mgongo ukakataa kunyooka.

Mtambo haukuwaka. Ulizunguka tu. Karani akakumbuka ya kuwa hewa ikiingia katika mabomba ya dizeli, mafuta hayafiki. Akalegeza parafujo ndogo kwenye chujio, akapampu kwa kidole mpaka mapovu yakaisha, akaikaza. Mara ya pili ukawaka, moshi mweusi, kisha mweupe, kisha hakuna. Mahali shafti inapotokea nje palidondosha matone machache kwa dakika, kama ipasavyo, maana kitani kilichokazwa hata kisidondoshe tone huunguza shafti.

Siku ya kwanza ya safari nahodha alikataa kuondoka kwa mtambo. Walitweka tanga, wakaenda mpaka mlangoni, mahali pale pale. Hapo akasema, "Sasa uwashe." Ukawaka. Wakarudi juu ya maji ya kupwa yaliyokuwa yakiwapinga, na mvulana wa dada yake karani ndiye aliyeshika usukani. Nahodha alikaa shetrini bila kusema neno. Walipotia nanga akamwambia mpwa wake, "Baba yako angaliiona," akanyamaza, akaanza kukunja tanga.

Si kila mtu afaa kufanya kama karani yule. Alitumia likizo yake yote, akapasua kidole gumba, na cherehani ya mkewe ilichelewa miezi mitano. Lakini mashua haikuuzwa, na tangu siku ile mtambo ukikohoa baharini wamo ndani watu wanaojua kila boliti ilipo.

Jumatatu akarudi ofisini na shati jeupe. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi, sabuni haikuzisaidia. Mzee mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya shamba aliitazama mikono ile kwa muda, akauliza alikuwa wapi. Karani akasema alikuwa Matondoni, akitia mtambo katika mashua. Mzee akavuta kiti chake karibu. Yeye pia alikuwa na dau lenye mtambo, na mtambo wake ulivuja mafuta. Barua ikaandikwa kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi ya serikali. Habari za mtambo zikafuata.