Mlezi, mbwa wake na mwanangu

Kumwachia mtu mwanao, msomaji mpendwa, si sawa na kumwachia mfuko wa nguo. Mfuko ukirudi umepungua utahesabu na kujua kilichopotea. Mtoto wa miaka miwili hurudi jioni na yote aliyoyaona mchana kutwa, na hana maneno ya kukusimulia.

Hayo niliyajua mwaka niliohamishwa kikazi kutoka Kilifi mjini kwenda Malindi. Ni safari ya kilomita 60 hivi tu, lakini kwangu ilikuwa mbali, maana Kilifi nilimwacha mama yangu mzazi ambaye ndiye aliyekuwa akinilelea mwanangu nilipokuwa kazini. Malindi sikuwa na mama wala shangazi. Nilikuwa na chumba na sebule cha kupanga huko Muyeye, mtoto wa kiume aliyeanza kukimbia, na kazi ya uandishi isiyojua saa. Leo uko mahakamani, kesho Mambrui, keshokutwa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi.

Msichana wa kazi nisingeweza kumweka, kwa kuwa mahali pa kulala hapakuwapo. Nikaamua kutafuta mama anayelea watoto kwake, wafanyavyo wanawake wengi wanaofanya kazi mahotelini na sokoni. Asubuhi humpeleka mtoto na uji wake na nguo za kubadilisha, jioni humchukua. Majirani walinielekeza kwa wawili.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kigiriama huko Barani, ambaye watoto wote walimwita Hawe, yaani nyanya. Nilipobisha hodi, mbwa alinijibu kabla ya mwenyewe. "Karibu mwanangu," alisema Hawe, "lakini simama hapo kwanza nimfunge huyu." Alimfunga chini ya mwembe, kisha akanikaribisha. Uani mlikuwa na kuku, na paka wawili walilala juu ya gunia. Nilimuuliza swali ambalo kila mzazi huuliza.

"Hawe, huyu mbwa anauma?"

"Mbwa ni mbwa, mwanangu. Ana meno. Ndiyo maana watoto wakiwapo hafunguliwi."

Jibu hilo lilinitia hofu. Nilitaka kuambiwa kwamba haumi, kwamba ni mpole kama kondoo, kwamba watoto humpanda mgongoni. Niliaga kwa adabu na kuondoka.

Wa pili alikuwa dada wa umri wa miaka ishirini na kitu, jirani na kwangu. Ua wake ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Hapakuwa na mbwa, wala paka, wala hata kifaranga. Nikajisemea moyoni, naam, hapa ndipo. Tulipatana bei, na kabla sijaondoka nikatamka maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka huona haya. Nilimwambia: "Dada, sikiliza. Mwanangu akipata hata mkwaruzo mmoja hapa, usinitafute tena kudai mshahara." Niliyasema kwa sauti ya mtu anayejiona amefanya kazi yake ya uzazi sawasawa.

Mwezi wa tatu, jioni moja, nilimkuta mwanangu amefungwa plasta kwenye ndama ya mguu. Dada alisema amejikata kwa bati la uzio. Nilinung'unika kidogo, nikambeba nikaenda zangu. Siku ya tatu baadaye, nilipokuwa nikimwosha karaini, mtoto wa jirani alisimama mlangoni akaniambia kama mtu anayetoa habari za kawaida tu: "Mbwa alimuuma huyu. Alikuwa anampa biskuti."

Msomaji, karai lilinitoka mkononi. Nilibandua ile plasta. Chini yake palikuwa na matundu mawili, yamepakwa majivu.

Sikungoja kupambazuke. Usiku ule ule nilipanda tuktuk na mwanangu mapajani hadi hospitalini. Muuguzi alikiosha upya kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Mbwa ni wa nani? Amechanjwa? Yuko wapi sasa? Dada alipoulizwa alisema ni mbwa koko aliyepenya kwenye uzio yeye alipokuwa anaanika nguo. Hakuonekana tena. Basi mwanangu akaanzishiwa sindano, na akarudi kwa nyingine kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, hadi akamaliza.

Kwa nini haraka yote ile kwa matundu mawili madogo? Kwa sababu kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyia mzaha. Dalili zikishajitokeza, takriban hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na kwamba miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na meno, na mkononi aghalabu ana kitu cha kuliwa.

Lakini ugonjwa huo huo unazuilika kabisa iwapo utawahiwa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule hakuugua. Tangu hapo jambo la kufanya halijabadilika sana: osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali ukapate chanjo. Majivu na pilipili havisaidii kitu. Na hata kama siku zimepita, nenda tu, kwa kuwa ugonjwa huu kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kujitokeza, ingawa wakati mwingine huja baada ya wiki moja. Kila siku inayofichwa ni siku iliyoibwa kwa mtoto.

Nilirudi kwa yule dada nikiwa nawaka moto. Nilikusudia kumtukana hadi mtaa mzima usikie. Nilimkuta amekaa kizingitini, macho yamevimba. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akanijibu kwa sauti ndogo: "Dada, siku ya kwanza uliniambia akipata mkwaruzo nisikudai mshahara. Na mimi nina watoto wawili."

Nilikosa la kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimemfundisha mtu kuficha. Sisemi kwamba dada yule hakukosa. Alikosa, tena kosa kubwa. Lakini katika kosa lile na mimi nilikuwa na fungu langu. Nilimlipa haki yake, tukaachana.

Asubuhi iliyofuata nilibisha tena hodi kule Barani. Mbwa alibweka. Hawe akasema yale yale: simama hapo kwanza nimfunge huyu. Safari hii niliyasikia maneno hayo kwa sikio jingine.

Nilimweleza yaliyonipata. Hakunilaumu wala hakumlaumu mwenzake. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni alimohifadhi kitambulisho chake na karatasi za kiwanja. Humo humo mlikuwa na kadi za chanjo za mbwa na paka wake wawili, zenye tarehe za mwaka ule. Nilitazama pia jambo jingine ambalo mara ya kwanza hofu haikuniruhusu kuliona. Hawe aliponyanyua mkono kumfukuza kuku, mbwa hakujikunyata. Mnyama aliyezoea kipigo hujikunyata kila mkono unaponyanyuliwa. Mnyama na mtoto mchanga wanafanana kwa jambo moja, kwamba wote wawili hawana ulimi wa kushtaki.

Tangu siku ile, rafiki zangu wanaotafuta mlezi wakinijia na swali la wanyama, huwaambia wasiulize tu kama wapo. Hapa Pwani ni nadra ua usiokuwa na kuku au paka, na hata usipokuwa na chochote, wa jirani atapenya. Waulize wanafugwaje. Mbwa hufungwa wapi watoto wakiwapo? Amechanjwa lini? Na mlezi akikuambia kwamba mnyama wake hawezi kuuma kamwe, shika mkono wa mwanao uende zako. Mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa yeyote, hata awe mpole vipi, hata kwa muda wa kuanika nguo.

Kisha tazama mchanga wanamochezea. Paka hujisaidia mchangani, mbwa vilevile, na kinyesi chao huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mtoto anayeketi humo ndiye huyo huyo anayetia vidole mdomoni. Kuku nao wasilale jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kuwagusa, kwani kinyesi chao huweza kubeba viini vya kuharisha. Funza nao hupenda sakafu ya vumbi, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaowabeba. Mtoto mwenye pumu huenda asiyaweze manyoya ya paka, basi mweleze mlezi mapema. Na ukikuta kobe au tumbili amefungwa kamba, ujue kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuwafuga bila kibali. Si sheria tu. Huko Marekani, kuuza kasa wadogo wa chini ya inchi 4 kumepigwa marufuku tangu 1975, baada ya watoto waliokuwa wakiwachezea na hata kuwatia mdomoni kuugua.

Yako pia mambo ya dini ambayo mzazi asione haya kuyataja. Kwa majirani zetu Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mlezi mwema ataambiwa na ataelewa, au atasema kwamba hawezi, nanyi mtaagana kwa heri.

Hata hivyo, yote hayo huyaweka nyuma ya jambo moja. Siku ya kumkabidhi mwanangu kwa Hawe sikutoa vitisho. Nilimwambia: "Hawe, mtoto ataanguka, ataparuzwa, huenda hata akaumwa. Likitokea, niambie siku hiyo hiyo. Ukiniambia, sitakukata hata shilingi."

Hawe alicheka. "Mwanangu, mimi ningekuambia hata kama ungenikata."

Wiki ya pili, nikiwa Mambrui kikazi, simu ililia. Alikuwa Hawe. Paka amemparuza mtoto mkononi alipomvuta mkia. Ameshamwosha kwa sabuni na maji mengi. Niende nimwone mtoto, kisha niamue kama twende hospitali. Sitasema uongo, hasira ilinipanda hadi kooni. Ulimi ulikuwa tayari. Nilimeza mate, nikasema, "Ahsante, Hawe. Naja."

Hospitalini tulikwenda, tukiwa na kadi ya paka mkononi. Safari hii muuguzi alipouliza maswali yake, yote yalikuwa na majibu. Alikitazama kidonda, akatazama kadi ya paka na ile ya sindano za mwanangu, akatueleza ya kuangalia siku zijazo, tukarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Sasa mwanangu amekwisha kuanza shule. Jumamosi nyingine hudai apelekwe Barani kumsalimu Hawe. Akifika husimama nje ya ua, mikono nyuma, na kupaza sauti: "Hodi! Umemfunga?" Wala haingii mpaka ajibiwe.