Nyota ya Jaa Chini ya Kuba la Chicago

Jumba la nyota la Adler, lililo ukingoni mwa Ziwa Michigan mjini Chicago, lilifunguliwa mwaka 1930, nalo ndilo la kwanza la aina yake katika mabara ya Amerika. Humo mgeni huketi gizani chini ya kuba, akaonyeshwa anga inavyoonekana kutoka pembe mbalimbali za dunia.

Jumamosi moja, familia yenye asili ya Malindi iliyolowea mjini humo ilimpeleka bibi yao kulizuru. Wajukuu walitarajia kumfundisha. Nyota ya kaskazini ilipoonyeshwa, bibi alimshika mkono mjukuu wake mkubwa, akauliza kwa sauti ya chini: "Ndiyo jaa hiyo?" Mjukuu alishangaa. Jaa alilolijua yeye ni la taka.

Bibi hakuwa amepata kuiona. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na huko nyota hiyo husitirika chini ya upeo wa macho. Hata hivyo, marehemu mumewe alikuwa baharia. Jahazi lilipong'oa nanga kwa upepo wa kusi kuelekea Uarabuni, jaa ilijitokeza baada ya ikweta kuvukwa, kisha ikapanda kidogo kidogo kadiri safari ilivyosonga. Kimo chake kiliwajulisha mabaharia walikofika, maadamu hukaribiana na latitudo ya mtazamaji. Chicago husimama nyuzi 42 hivi. Yote hayo bibi aliyasikia kwa masimulizi tu.

"Babu aliipimaje?" mjukuu akauliza.

"Kwa vidole, mjukuu wangu. Nyosha mkono."

Lilikuwa swali la kwanza ambalo kijana huyo alimwuliza bibi yake kwa Kiswahili tangu awasili.

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakijamudu kubeba sayansi. Dai hilo husahau kwamba lugha hii imeitazama anga kwa karne nyingi. Kilimia, kundi la nyota lililowaongoza wakulima kutambua misimu, limebeba kitenzi 'lima' ndani ya jina lake. Aidha, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake.

Istilahi mpya zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kuziunda au kuzikopa, yafaa wanaisimu na wanafunzi wao wawaendee mabaharia, wavuvi na wakulima wakongwe, wawahoji wangali hai. Wasipofanya hivyo, vizazi vijavyo havitajua jaa nyingine ila ile ya kutupia taka.