Ramani ya Chemchemi: Safari Yetu ya Kisii na Nyamira



Ndugu wasomaji, na hasa mama na dada zetu ambao ndio wenye kubeba mtungi, tumerejea kutoka bara, na kabla ya kueleza tuliyoyaona hatuna budi kukiri kosa letu.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi na jamaa wa msikiti wetu tulichanga pesa za kisima katika kijiji kimoja cha pwani hii, kwa nia ya sadaka jaria. Mahali tulipachagua wenyewe: kando ya barabara, ili mtambo wa kuchimba ufike kwa wepesi na kibao cha wafadhili kionekane. Hatukumuuliza mwanamke hata mmoja. Haukupita muda maji yakaingia chumvi, na akina mama wakarejea kwenye kisima chao cha zamani. Kibao kingali kimesimama.

Kumbukumbu hiyo tulikwenda nayo Kisii, tulikoalikwa arusi ya jamaa. Kutoka Nairobi tulipita Narok, Bomet na Sotik hadi Keroka, mji ulio mpakani mwa Nyamira na Kisii. Hapo macho ya mtu wa pwani hayashibi: majani chai, migomba, vilima nyuma ya vilima, na wingu la mvua kila alasiri. Nchi hii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, na maji yake huishia Ziwa Victoria. Tukasema nyoyoni: hawa maji hayawasumbui.

Tulikosea tena. Nyumba ziko mgongoni mwa vilima, na chemchemi ziko bondeni. Mama huteremka na mtungi mtupu, hupanda na mtungi uliojaa. Kisha watu ni wengi na ardhi ni ndogo. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yaliyogawanywa vipande vipande yameleta choo cha shimo cha huyu juu ya chemchemi ya yule. Na mikaratusi iliyopandwa mabondeni kwa ajili ya mbao na kuni hunywa maji kwa pupa, hata mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, hayati John Michuki, akaagiza iondolewe kando ya vyanzo vya maji.

Mwenyeji wetu alikuwa na kijana anayesomea mambo ya ardhi. Usiku baada ya Isha alitufungulia kompyuta, akatuonyesha ramani ya kijiji chao ndani ya programu ya QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Gary Sherman na ambayo hutolewa bure. Kijana alikuwa amezunguka kwa miguu na simu yake, akitia alama kila chemchemi, kila choo na kila nyumba. Juu ya alama hizo alitandika vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000, navyo hupatikana bila malipo. Tukaona vilima vyote vimechorwa mistari, na vyoo gani viko juu ya chemchemi gani.

Elimu hii si ngeni kwa umma wetu. Al-Idrisi aliikamilisha kazi yake kubwa ya ramani huko Sicily mwaka 1154, na Malindi na Mombasa zimetajwa humo.

Kijana alikuwa amekwisha kupendekeza mahali pa kuchimba kisima, katikati ya nyumba zote. Nyanya yake, aliyekuwa akichambua maharagwe kando yetu, alisogea akatazama. "Mjukuu wangu," akasema, "hapo ni karibu kwa ndege. Sisi tutavuka bonde, tuteremke mara mbili na kupanda mara mbili." Kisha akagusa alama moja ya chemchemi. "Hii hapa hupungua Januari. Ile ya chini ya mwamba, tangu nilipoolewa, haijakauka."

Kijana hakubishana. Alifuata njia za miguu badala ya mstari ulionyooka, na kweli kisima chake kikawa mbali kuliko chemchemi ya chini ya mwamba. Asubuhi tukateremka sote kuitazama. Pale palihitaji kazi tuliyoifahamu kwa macho: kufukua hadi kwenye jicho la chemchemi, kupanga mawe na kokoto, kujenga ukuta wenye bomba la kutolea maji, kuchimba mtaro wa kuzuia maji ya mvua yenye uchafu, kuweka ua dhidi ya mifugo, na kuhamisha choo kimoja. Gharama yake ni ndogo mno kuliko ya kisima kirefu.

Tulipokuwa tukipanda kurudi, magoti yakitulemea na mikono yetu mitupu, tulimkumbuka Bi Hajar akikimbia baina ya Safa na Marwa kumtafutia mwanawe maji. Kila mwenye kuhiji hupita alipopita mama yule. Iweje basi sisi tuchimbe visima bila kuzifuata nyayo za akina mama?

Kwa hiyo, ndugu zetu, mchango wa kisima utakapopitishwa tena misikitini na majumbani mwetu, tuombe kwanza kuonyeshwa ramani: vyoo viko wapi, maji yako wapi, mwendo ni wa kiasi gani. Kisha tuombe iwekwe mbele ya wanawake watakaoteka hapo, nao waruhusiwe kuifuta na kuichora upya. Pesa za sadaka ni amana, na kuzimwaga pasipofaa kwa uvivu wa kuuliza ni jambo tutakaloulizwa.

Ama kile kisima chetu cha chumvi, Ijumaa ijayo, inshallah, tutakwenda kukaa na akina mama wa kijiji kile. Tutabeba karatasi na kalamu, na safari hii watasema wao.

Wabillahi tawfiq.