Damu ya Mzee

Baba aliendesha malori ya ushirika wa kahawa kwa zaidi ya miaka 20, na muda wote huo alikuwa akipima gari kwa sikio. Anazima redio, anainamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, kisha anasema: plagi moja haichomi. Au: beringi ya gurudumu la nyuma, kushoto. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba injini zinazungumza naye Kihaya.

Ndiyo maana hakuna aliyemwelewa alipostaafu akanunua gari lisilo na sauti. Lilikuwa Toyota Prius ya kizazi cha pili, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 2003, lililotumika Japani kabla ya kuvuka bahari. Alitaka gari la kukodisha: Bukoba kwenda Mutukula, Bukoba kwenda Muleba, harusi, misiba, wagonjwa. Kuhusu mafuta alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kwa kila jirani pale Nshambya: "Hili halinywi, linaonja." Asubuhi akibonyeza kitufe, mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi husema maneno yake, na Baba humjibu kwa heshima zote, "Waitu." Kisha gari linatoka uani kimyakimya, kuku wakichelewa kukimbia.

Mimi nilichangia siti kava. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili Dar es Salaam, nikapata kazi ya kukusanya data kwa wiki sita, na kwa pesa hiyo nikaenda Kariakoo kumnunulia zawadi. Nilichagua zenye manyoya marefu, rangi ya damu ya mzee. Nilizifunga mwenyewe nilipokuja likizo, nikavuta kila kamba mpaka ikakaza, nikapitisha kitambaa hadi kwenye kingo za kiti cha nyuma kisionekane hata kidole cha plastiki. Baba alipita akizipapasa kama mtu anayepapasa ndama.

Novemba iliyofuata, msimu wa senene, alinipigia simu jioni. Hakusalimia, na Baba si mtu wa kutosalimia.

"Gari limenigomea Kyaka."

Alikuwa anatoka Mutukula na abiria wanne. Pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao iliwaka kwenye kioo cha katikati, injini ikaanza kuunguruma bila kupumzika, kisha nguvu zikaisha. Abiria walidandia Hiace. Yeye alibaki na gari kando ya barabara mpaka Canter moja ikamvuta kwa kamba hadi nyumbani.

Niliporudi mwezi uliofuata, mafundi watatu walikuwa wamekwisha kulishika. Wa kwanza alibadilisha plagi na kusafisha throto, kwa sababu injini ilikuwa inatetemeka kila inapowaka. Wa pili aliona nyaya za rangi ya machungwa, akafunga boneti taratibu na kusema yeye ana watoto. Wa tatu alichomeka kompyuta, akasoma, akatamka hukumu: betri kubwa imekufa, milioni 3 na nusu, pesa mkononi.

Baba aliniambia nisijali, ada yangu ipo. Mama ndiye aliyeniambia jikoni, akiwa anamenya ndizi bila kuniangalia, kwamba kuna mtu amekuja mara mbili kupima kwa hatua kile kipande cha kibanja cha upande wa barabarani. Nadhani msomaji asiye wa kwetu anahitaji kuelezwa kwamba kibanja si kiwanja. Ndani ya migomba ile na mibuni ile kuna makaburi. Babu yangu yuko hatua chache kutoka pale yule mtu alipoanza kupima.

Mimi si fundi. Nasoma takwimu, na jambo moja nililojifunza huko ni kutokukimbilia jibu la kwanza linalolingana na data. Nilinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Usiku nikawa natazama video: Wamarekani wakipasua betri kwenye gereji za nyumbani kwao, na wengine kutoka Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ambako Prius zilizotumika zimejaa barabarani kama bodaboda kwetu. Sikujua neno hata moja la Kimongolia, lakini mikono ya fundi inaeleweka kwa lugha yoyote.

Nilichoelewa ni hiki. Gari hili halina stata wala altaneta kama tulivyozoea. Injini ya petroli inawashwa na mota kubwa ya umeme, na mota hiyo inakula kutoka kwenye betri ya volti 201.6 iliyolala nyuma ya kiti cha abiria. Betri yenyewe ni vipande 28, kila kimoja volti 7.2, vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, na kompyuta huvisoma viwiliviwili, jozi 14. Jozi moja ikilegea, gari zima huogopa: linaacha kuitegemea betri, linaibebesha injini kazi zote. Kumbe yule fundi wa plagi alikuwa anatibu kikohozi cha mtu mwenye moyo mbovu.

Tulianza na betri ndogo ya volti 12 iliyoko kwenye buti, kwa sababu ikichoka huweza kuwasha taa za kila namna na kumpeleka mtu mbali bure. Tuliichaji usiku kucha. Pembetatu ikarudi ndani ya dakika kumi. Kwenye simu zilitokea kodi mbili: P0A80, ile inayosema badilisha betri kubwa, na P3019, ambayo yule fundi wa tatu hakuwa ameitaja. Hii ya pili inasema jozi ya 9 imedhoofika. Nilimwomba Baba akanyage mafuta huku breki imeshikwa, nikatazama namba. Jozi nyingine zilishuka kidogo na kusimama. Ya 9 ilianguka karibu volti mbili chini ya wenzake.

"Kwa hiyo 13 ni wazima," Baba alisema.

"Wazima kiasi."

Alinyamaza, kisha akasema jambo alilokuwa amewaambia mafundi wote watatu, nao wakacheka. Kuanzia Septemba alikuwa anasikia nyuki. Nyuma ya kiti, wakati wa kupanda milima, mlio wa nyuki uliokuwa unakua kila wiki. Halafu, siku chache kabla ya Kyaka, nyuki wakanyamaza. Mafundi walimwambia mzee, nyuma hakuna injini.

Nyuma kuna feni. Betri hii hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kitabu cha maelekezo, ambacho kimo kwenye droo ya dashibodi tangu gari lifike, huenda kinaeleza hayo vizuri sana, kwa Kijapani.

Binamu yangu anayepanda nguzo za umeme alituazima glavu zake za mpira. Nilichomoa plagi ya usalama ya rangi ya machungwa, nikaiweka mfukoni ili mtu yeyote asije akairudisha, na tukasubiri robo saa umeme uliobaki kwenye inveta utoke. Mama alisimama mlangoni muda wote huo na ndoo ya mchanga. Hakuna aliyemwambia alete mchanga.

Kisha nikafungua kamba za siti kava ili kiti kitoke, na tundu likaonekana. Sikuwa nimewahi kuliona. Nilikuwa nimelifunika mwenyewe, kwa ustadi, kitambaa kimekazwa juu yake kama ngozi ya ngoma.

Feni tuliifungua kwa bisibisi ya kawaida. Ndani ya mapezi yake kulikuwa na vumbi jekundu la barabara, na katikati ya vumbi hilo donge la manyoya lililosokotwa kama kamba, kubwa kama yai la kuku. Vumbi lilikuwa limeyapaka, lakini nilipolipasua donge, ndani rangi ilikuwa haijapotea.

Baba alilichukua mkononi mwangu. Aliligeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Damu ya mzee," akasema. Alikuwa anataja rangi tu, au nilitaka iwe hivyo. Akaliweka juu ya boneti na kuuliza spana namba 8 iko wapi.

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilikaa hapo siku nzima, na kesho yake, na siku tatu tulizofanya kazi ile. Tulipoinua mfuniko wa betri tulikuta vile vibamba vya shaba vinavyounganisha vipande vimeota kutu ya kijani, hasa katikati, ambako joto hukusanyika. Jozi ya 9 ni vipande vya 17 na 18. Cha 17 kilikuwa kimevimba tumbo. Baba alisugua vibamba kwa msasa laini, kimoja kimoja, nati kwa nati, akavipanga juu ya gazeti kwa namba. Aliosha feni kwa brashi ya rangi. Aliacha kuzungumza kabisa, na nilimjua katika ukimya huo: ndio uleule wa zamani, kichwa kimeinama upande.

Vipande viwili vilivyotumika tuliviagiza Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, vikaja na basi vikiwa vimefungwa kwenye kanga. Tuliviunga sambamba na vile vya zamani usiku na mchana ili volti zilingane, kisha tukafunga. Gharama yote, na nauli ya kifurushi, haikufika laki tatu. Yule mpima kibanja alipita Jumapili, Mama akamwandalia chai, akaondoka.

Sijui betri itadumu miezi mingapi. Kipande kimoja kikifa, vingine vya umri uleule viko njiani, na nimemwambia Baba hivyo waziwazi. Nimemwachia kile kifaa na simu yangu ya zamani; kila Ijumaa hunitumia picha ya namba 14, na mimi huziweka kwenye jedwali. Ya 6 siipendi ilivyoanza kwenda.

Lakini asubuhi ile ya kwanza, alipobonyeza kitufe, mwanamke wa Kijapani akasema yake, Baba akajibu, na pembetatu haikuwaka. Tulikwenda hadi Kemondo na kurudi. Kwenye mlima alizima redio. Mlio wa feni ulikuwa mdogo, sawasawa.

Siti kava nilikuwa nimezikunja na kuzificha chini ya kitanda changu. Jioni nilizikuta sebuleni, juu ya cherehani ya Mama. Baba alikuwa ameshika mkasi na rula, na kwenye kava la nyuma alikuwa amechora kwa chaki mstatili wenye ukubwa wa lile tundu.

"Baba, zile kava," nilianza.

"Shika hapa," alisema. "Lisivutike nikikata."

Nikashika. Alikata polepole, manyoya yakianguka miguuni kwake, kisha akampa Mama apinde kingo.